Kufundisha Uchaguzi wa Anwani ya Tovuti

Chuo kikuu kinapokubali kuihifadhi tovuti ya shule katika seva yake, swali la kwanza huwa la jina: tovuti itaitwaje? Wengi hulidharau swali hili. Katika makala hii twakusudia kuonyesha uzito wake, na jinsi linavyoweza kufundishwa hata katika darasa lisilo na kompyuta.

1. Kuanzia bahasha

Mwanafunzi wa Marangu au Kibosho anaijua bahasha: jina la mtu, shule, S.L.P., Moshi, na mwisho Tanzania. Karani wa posta aliye ng'ambo huanza kusoma mstari wa mwisho. Anwani ya tovuti imepangwa vivyo hivyo. Katika mocu.ac.tz, anwani ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, tz ni Tanzania, ac ni taasisi za elimu ya juu, na mocu ni chuo chenyewe. Shule zimetengewa sc.tz, na serikali go.tz.

2. Kanuni za uandishi

Kwa kawaida jina huwa na herufi a hadi z, tarakimu na kistari. Haliachi nafasi, wala halianzi au kumalizika kwa kistari. Sehemu moja kati ya nukta na nukta haizidi herufi 63. Herufi kubwa na ndogo ni sawa katika jina hilo, lakini baada ya mkwaju zaweza kutofautishwa. Kwa hiyo tuandike ndogo daima.

3. Jina lidumulo

Chuo cha Ushirika kilianzishwa mwaka 1963. Mwaka 2004 kilifanywa chuo kikuu kishiriki cha Sokoine, kikajulikana kama MUCCoBS, na anwani yake ikawa muccobs.ac.tz. Mwaka 2014 kikawa chuo kikuu kamili, jina likabadilika, na anwani pia. Tovuti yaweza kusahihishwa kwa siku moja. Kitabu kilichokwisha kuchapwa hakisahihishiki. Msomaji wake hubaki na anwani ya jina lisilotumika tena.

Tuchukue mfano wa shule inayokusanya maelezo ya wazee juu ya mifongo, mifereji ya asili ya Wachagga. Yaweza kuchagua:

(a) mocu.ac.tz/mifongo: rahisi kuanzisha, lakini hutegemea mpangilio wa tovuti ya chuo;
(b) mifongo.mocu.ac.tz: yaweza kuhamishiwa seva nyingine bila kubadilika, ila bado imefungwa na jina la chuo;
(c) jina la shule yenyewe chini ya sc.tz: shule hulimiliki hata ikihama chuo, mradi ilipie ada kila inapotakiwa.

Lolote lichaguliwalo, lisitaje mwaka, jina la mwalimu wala la darasa. Mwalimu huhamishwa, maelezo ya wazee hayana budi kubaki.

4. Hatua za somo

(i) Wanafunzi waandike bahasha, kisha waisome kuanzia chini.
(ii) Mwalimu aandike anwani tatu ubaoni. Wazigawe kwenye nukta na kueleza kila sehemu.
(iii) Kila kikundi kipendekeze jina, kilitamke mara moja tu, na wengine waliandike. Jina lililokosewa na wengi lisichaguliwe.

Zoezi: Shule yako ikibadilishiwa jina, ni ipi kati ya anwani (a), (b) na (c) itakayoathirika? Toa sababu.