Skrini Ikikwama, Usikimbilie Kuzima Kompyuta



Tuseme ni siku ya mkutano hapa Matulo. Mweka hazina amekaa kwa kompyuta tangu asubuhi akiandika hisa na mikopo ya wanachama. Mara ule ukanda wa chini wa skrini unapotea, na vijipicha havifunguki. Mtu anasema, "Chomoa stima tu!" Ngojeni kwanza. Mkizima hivyo, kazi ambayo haijahifadhiwa inaweza kupotea yote, na hizo ni hesabu za pesa za watu.

Tuelewe jambo moja. Katika kompyuta za Windows, ukanda ule, vijipicha na madirisha ya mafaili huonyeshwa na programu iitwayo Windows Explorer. Programu ya hesabu ni nyingine kabisa. Ni kama duka ambalo mlango umekwama: bidhaa bado ziko ndani. Tengeneza mlango, usibomoe duka.

Kwa Windows 10 na 11, fanyeni hivi:

1. Bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzimika, kompyuta bado inasikia.

2. Ikiwa ukurasa wa hesabu unakubali, bonyeza Ctrl na S pamoja ili kuhifadhi.

3. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja. Itafunguka Task Manager, yaani orodha ya programu zinazofanya kazi.

4. Chagua Windows Explorer, kisha bonyeza Restart. Hapo inaanza upya programu hiyo peke yake, si kompyuta nzima. Skrini itapepesa kidogo, kisha ukanda utarudi.

5. Kama haimo kwenye orodha, tafuta maneno Run new task, andika explorer.exe, halafu bonyeza Enter.

Tahadhari: Kama mnanakili mafaili kwenda kwa flashi, subirini yaishe, maana kazi hiyo itakatika. Tena msibonyeze End task juu ya programu ya hesabu. Itafungwa pamoja na yale ambayo hayajahifadhiwa.

Na taa ya Caps Lock ikikataa? Subirini dakika chache. Ikishindikana kabisa, ndipo mzime.

Ya kujadili kikundini:

- Mbali na mweka hazina, nani mwingine anajua hatua hizi?
- Je, hesabu zetu ziko pia katika kitabu cha mkono?

Jaribuni hatua hizi siku kompyuta ni nzima, ili siku ya shida mikono isitetemeke.