Hela za chupa ni zako

Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 26, mzaliwa wa Tanga. Nipo Hamburg, Ujerumani, mwezi wa tisa sasa, kwenye mafunzo ya uuguzi ya miaka 3. Nasoma huku nafanya kazi wodini, na kila mwezi nalipwa. Kwa kazi sina neno. Wagonjwa wananipenda na Kijerumani kinapanda.

Kinachonishinda ni kuishi. Begi nililokuja nalo liko chini ya kitanda, nguo nazitolea humo humo. Kikombe ninachonywea chai nilikikuta chumbani, kimeachwa na mpangaji aliyetangulia, mkono umevunjika. Kila nikitaka kununua kitu napiga hesabu kwa shilingi, nakirudisha. Mama anauza vitumbua, mdogo wangu yuko kidato cha tano. Michango ya shule, sare, luku, vyote vinanitazama mimi.

Mwezi uliopita, nikitoka zamu ya usiku, nilinunua mkate mmoja wa mdalasini wanaouita Franzbrötchen. Niliula nimesimama kituoni, ungali wa moto. Shangazi, sijui niseme nini. Nikapiga picha, nikaweka status. Mdogo wangu akajibu: "Wenzetu mnakula bata." Nikaifuta picha hapo hapo, na kipande kilichobaki kikanishinda kumeza. Tangu siku hiyo nikipita lile duka naangalia upande wa pili.

Siku za mapumziko nalala. Sasa giza linaingia saa 10 jioni. Jumapili ndiyo mbaya kuliko zote: maduka yamefungwa, mji kimya kama kuna msiba. Je, ni ubinafsi mtu kujifurahisha huku watu wa kwao wanahangaika? Au nivumilie tu hii miaka 3, maisha nitayaanza nikirudi?

Mgeni wa Hamburg

*

Mwanangu,

Nianze na mkate, maana hapo ndipo barua yako iliponishika. Mimi mji huo nimeukalia majira mawili ya baridi, zamani, nilipomfuata mume aliyekuwa anasoma. Franzbrötchen naijua. Imebonyezwa katikati mpaka mikunjo imetokeza pembeni, siagi imepenya kila tabaka, na chini sukari imeyeyuka ikaganda, inanata vidoleni mpaka ujirambe mbele za watu. Na ule mdalasini! Mtoto wa Tanga akikutana na mdalasini alfajiri ya baridi, pua yake inafika nyumbani bila nauli. Halafu wewe ukautupia huo mkate mgongo kwa sababu ya maneno matatu ya kijana wa kidato cha tano.

Huyo mdogo wako simlaumu sana. Kwa umri wake "kula bata" ni utani wa kila siku, angemwambia hivyo hata rafiki yake aliyenunua soda. Hajui kwamba ulikuwa umetoka kuwageuza wazee vitandani usiku kucha, kwa sababu hujamwambia. Nadhani hata mama hajui. Nahisi simu zako za nyumbani zina mambo mawili tu: mmepokea? na, mnaendeleaje? Ukishakata, mama anabaki na sauti ya mtu aliyechoka, anaigeuza geuza kichwani mpaka usingizi unampaa.

Hebu nikuulize. Ukimpigia mama ukasikia leo hakutoka kuuza, kapika wali wa nazi na samaki, kala kashiba, kajinyoosha mkekani, utanuna? Utasema, ubinafsi gani huu? Utafurahi mpaka utatembea vizuri siku hiyo. Basi na yeye anangoja kusikia la namna hiyo kutoka kwako. Ile picha uliyoifuta, mama angewaonyesha wateja wake wote wa vitumbua: mwanangu huyo, jamani, na mkate wa Wazungu.

Kwa hiyo swali la ubinafsi nimelijibu. Lililobaki ni fedha, na hapo sitaki nikudanganye kwamba mapenzi yanatosha. Piga simu siku ambayo hakuna dharura, mkubaliane na mama kiasi na tarehe. Kiasi ambacho mwezi mbaya kabisa utakimudu, si cha mwezi ulipofanya zamu nyingi. Ugonjwa ni jambo lingine, msiba ni jambo lingine, hayo hayangoji tarehe. Lakini simu mpya ya mdogo wako ingoje. Na mshahara wako usiutaje kwa mtu yeyote, hata akuulize kwa kuchekacheka. Halafu acha kuhesabu chai kwa shilingi. Kodi ya chumba unailipa kwa euro, jasho lako unalitoa kwa euro. Ukiipima kila chai kwa bei ya Tanga utakufa na kiu ukiwa umesimama kaunta.

Sasa sikiliza hili la chupa. Bila shaka umeshaziona zile mashine kwenye supamaketi. Kopo au chupa ya plastiki ya kutumika mara moja inarudisha senti 25, chupa nyingi za bia senti 8. Unaiingiza kwenye tundu, mashine inaizungusha, inaisoma, inaimeza kwa kishindo, ukimaliza inakutemea karatasi ya kupeleka kwa keshia. Wenyeji wanaiita Pfand, yaani rehani. Mimi nilikuwa naona aibu kubeba mfuko wa chupa tupu, kwetu nilizoea kuona ni kazi ya wenye shida, mpaka siku niliyosimama foleni nyuma ya bwana mmoja wa makamo aliyevaa koti la maana, yake magunia mawili.

Hizo ndizo fedha zako. Hazimo kwenye hesabu ya mama, hazimo kwenye kodi wala tiketi, na hakuna aliyeko Tanga anayezingoja. Na ukizishika kumbuka kwamba hata jina la hela tulilipata kwa Wajerumani hao hao: mwaka 1904, walipokuwa wanatutawala, waliigawa rupia yao ya huku kwa heller 100, midomo yetu ikaifanya hela. Baadhi ya sarafu hizo zilitengenezwa hapo hapo Hamburg ulipo. Zina herufi J, alama ya kiwanda cha sarafu cha mji huo. Hela ilitoka Hamburg ikaja kwetu bila sisi kuulizwa. Wewe ukiichukua senti 25 kwenye mashine ukaipeleka kwenye mkate wa mdalasini, sioni wa kukudai.

Jumapili yao na mimi ilinitesa. Nilipokuwa mgeni nilichukua mitungi mitupu ya jemu, ile isiyo na rehani, nikaipeleka kwenye pipa la chupa la mtaani saa 8 mchana. Wa kwanza ulipopasuka tu ndani ya pipa, dirisha la juu likafunguka, mzee akaniuliza kama ninajua leo ni siku gani. Nikarudi na mitungi yangu chini ya kwapa. Kumbe ukimya wa siku hiyo una sheria zake.

Lakini kuna mahali Jumapili inapigiwa kelele, na nashangaa miezi tisa hujafika. Ni Fischmarkt, soko la samaki la Altona, kando ya mto Elbe. Lipo tangu mwaka 1703. Wavuvi waliruhusiwa kuuza Jumapili kwa sababu samaki hangoji Jumatatu, sharti wamalize kabla ya ibada, na mpaka leo majira haya ya baridi linafunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 3:30. Siku hizi samaki ni sehemu tu ya bidhaa. Kuna matunda, maua, mikate, hata nguo. Wauzaji wamesimama juu ya magari yao wananadi kwa sauti iliyokwisha kukauka, wanatukanana kwa utani, wanamjazia mteja kapu la matunda huku wanahesabu kwa makelele, na saa 3 ikishapita bei zinaporomoka. Ukifumba macho utadhani uko mnadani Feri, Dar es Salaam. Nenda ukitoka zamu ya usiku, usingizi utausubirisha saa mbili. Siku zile ndilo lililonitoa mimi kitandani.

Chakula cha kwenu usikikatie tamaa. Nyuma ya stesheni kuu, mtaa wa Steindamm, maduka ya Waafrika, Waturuki na Waasia yamepangana. Unga mweupe wa mahindi utaupata huko, na tui la kopo, na iliki. Tui la kopo si tui, tukubaliane, lakini ukilikaanga na kitunguu kwanza linasameheka.

Na watu je? Umeandika barua nzima hukumtaja hata mtu mmoja nje ya wodi. Hamburg salamu yao ni Moin, asubuhi mpaka usiku, neno moja, wamemaliza. Najua kwa mtu wa Tanga aliyezoea kuulizwa za kuamka, za watoto na za jirani wa shangazi yake, hiyo ni kama kufungiwa mlango usoni. Sivyo. Wewe mtupie Moin jirani yule yule kila siku kwenye ngazi, mwezi wa tatu atakuuliza unatoka wapi. Wanachelewa kuwaka kama mkaa mbichi.

Neno moja la uzito. Kulala siku nzima ya mapumziko baada ya zamu ni uchovu. Lakini ikiwa huli, hulali hata ukiwa umechoka, au unalia bila sababu wiki baada ya wiki, nenda kwa daktari na kadi yako ya bima, mweleze hivyo hivyo ulivyoniandikia. Wewe ni muuguzi, unajua giza la Desemba linavyowafanya watu. Usijiuguze mwenyewe chumbani.

Kuhusu kuvumilia miaka 3 ndipo uanze kuishi: hapana. Ukitoka huko utakuwa unakaribia miaka 29, na hakuna mashine mjini Hamburg ya kurudishia miaka.

Kikombe nunua wiki hii. Chagua chenye mkono, kizito, cha rangi unayoipenda wewe, na bei yake usiitafsiri. Nguo zipange kabatini, begi lishushe stoo. Mdogo wako mtumie picha ya mkate unaofuata pamoja na picha ya viatu vyako vya wodini, aone vyote viwili.

Na Jumapili, ukishatoka sokoni, fuata mto kama robo saa kwa miguu mpaka Landungsbrücken. Kuna kivuko cha abiria, namba 62, kinakwenda Finkenwerder. Panda kaa juu, nje, jifunge skafu. Utapita karibu na meli za makontena mpaka shingo iume kuziangalia, na upepo utakaokupiga ni wa maji, kama wa pantoni ya Pangani ila wenye meno. Tiketi ni ile ile unayopandia basi. Kinaondokea gati namba 3.