"Fedha zikipatikana" ni ahadi?

*Mbunge wetu aliuliza bungeni ni lini daraja la kijijini kwetu litajengwa. Naibu Waziri akajibu kwamba Serikali inatambua umuhimu wake na litajengwa fedha zikipatikana. Je, tumeahidiwa au tumepigwa chenga?*
*Msomaji, Morogoro*

Wasiwasi wako una msingi, ndugu msomaji. Jibu lisilo na mwaka wala kiasi cha fedha si ahadi ya kuidai.

Ibara ya 63 ya Katiba ya Tanzania inalipa Bunge mamlaka ya kumuuliza Waziri swali lolote la mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Swali la msingi hupelekwa mapema kwa maandishi, wataalamu wa wizara huandaa jibu, na Waziri au Naibu wake hulisoma. Ndiyo maana majibu hufanana kama sare za shule! Penye uhai ni swali la nyongeza, maana hapo hakuna karatasi ya kusoma. Mbunge angebana: daraja limo kwenye bajeti ya mwaka huu au halimo? Usanifu umekamilika?

Tafuta Hansard (kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge) ya siku hiyo kwenye tovuti ya Bunge, usome maneno yenyewe. Kisha mwandikieni mbunge, kupitia ofisi yake jimboni, swali linalodai tarehe na fungu la fedha. Bunge la bajeti huanza Aprili, hivyo barua ya Januari ina nafasi kubwa kuliko ya Juni. Na kama daraja liko kwenye barabara ya kijijini, mhusika ni Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA). Meneja wake wa wilaya mnaweza kumfuata hata kesho.