"Extort": Neno la Kiingereza Ambalo Kila Mwenye Simu Anafaa Kulijua

Ukisoma habari za Nairobi kwa Kiingereza, neno "extort" halikosi. Leo tunalichambua kwa sababu linahusu pesa zako moja kwa moja.

Maana yake

"Extort" ni kumfanya mtu atoe pesa au kitu kwa kumtisha. Asili yake ni Kilatini, kwa maneno yenye maana ya "nje" na "kupinda". Fikiria vile unakamua nguo: unaipinda mpaka maji yatoke. Kwa Kiswahili cha kila siku tunasema "kuitisha pesa kwa vitisho".

Angalia matumizi: "They extorted money from the trader." Baada ya kitenzi inakuja pesa, halafu "from", halafu mtu aliyetishwa.

Si sawa na kutapeliwa

Tapeli anakudanganya, unatuma ukiamini uongo. Mnyang'anyi anakupora hapo hapo. Lakini mtu wa "extort" anakutisha na jambo litakalokupata baadaye, halafu wewe mwenyewe unaweka PIN na kutuma. Ndiyo maana wengi hunyamaza: wanaona ni kama walikubali. Hapana. Kukubali kwa sababu ya woga si kukubali.

Mifano mitatu

*1. Kibanda Kibera.* Tuseme unauza mboga Makina. Vijana wanakuja kila Ijumaa wakitaka shilingi 200 ya "ulinzi", na ukikosa kutuma, ati kibanda kinaweza kushika moto. Hiyo ni "extort", hata kama ni mia mbili tu. Kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayedai mali kwa vitisho akinuia kuiba anaweza kufungwa miaka 5.

*2. Picha za siri.* Uko Kawangware, mmejuana na mtu mtandaoni, mkatumiana picha. Kesho yake anasema, "Tuma elfu tano ama nizitumie watu wa kanisa lenu." Hiyo pia ni "extort". Na akizisambaza, amevunja Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018.

*3. Mkopo wa simu.* Umechelewa kulipa, na mkopeshaji anatisha kupigia mamako na bosi wako. Deni ni lako, na unafaa kulilipa. Lakini kanuni za Benki Kuu za 2022 zinakataza wakopeshaji wa kidijitali kutisha wateja au kuwapigia watu walio kwenye simu yako ili kukuaibisha. Lipa deni, ripoti vitisho.

Ufanye nini?

- Usikimbilie kutuma. Anayelipwa mara ya kwanza hurudi, na bei hupanda.
- Usifute chochote. Weka ujumbe, namba yake, tarehe na nambari ya muamala. Huo ndio ushahidi.
- Piga ripoti mapema. Ukiwa Kibera, kuna Kituo cha Polisi cha Kibera. Ukiwa Kawangware, nenda Muthangari. Usiondoke bila namba ya OB.
- Ikiwa anayekutisha ni polisi, peleka malalamishi IPOA.
- Tupigie. Kama tayari umetuma, tuambie haraka, pamoja na namba ya OB. Tusikudanganye: pesa zikishatolewa kwa wakala, kuzirudisha ni ngumu. Lakini kila muamala huacha alama, na polisi wakifuata sheria wanaweza kuitumia kumfikia aliyepokea.
- Ongeeni majirani. Kama wewe unaitishwa, kuna uwezekano wa kibanda cha pili pia kinaitishwa. Watu watano wakiripoti pamoja, ni vigumu kumjua wa kulipiziwa kisasi.

Kwa hivyo kabla ya kuweka PIN, jiulize: natuma kwa sababu nataka, kwa sababu nadaiwa, ama kwa sababu naogopa? Kama ni woga, simama kwanza, umwambie mtu unayemwamini.