Yonathani Alitangulia Kupanda

Somo letu ni 1 Samweli 14:1-15.

Sauli ameketi chini ya mkomamanga na watu kama 600. Mwenye upanga ni yeye na mwanawe tu. Yonathani anamwambia kijana wake wa silaha wavuke kwa Wafilisti, pengine Bwana atawasaidia. Angalia hiyo "pengine". Hakudai ameoteshwa. Alingoja ishara, kisha akakwea jabali kwa mikono na miguu, yeye mbele, kijana nyuma.

Hapa mimi huona haya. Tulipotaka kutoka kwa hema tununue ploti, nilisimama madhabahuni nikasema Bwana amenena, toeni. Kina mama wakatoa hadi pesa za chama. Mimi sikuwa nimetoa hata shilingi, nangoja nione kama watu wataitika. Yaani niko chini ya mti, nawatuma wengine jabalini! Mzee mmoja akaniuliza polepole, "Pasta, na wewe umeweka ngapi?"

Usiku huo sikulala. Jumapili iliyofuata niliungama mbele ya kanisa, halafu nikauza pikipiki yangu na pesa yote nikampa mweka hazina. Ploti bado tunalipa.