Ruhusa ya Kufanya Kazi Uingereza: Hati ya Mwajiri na Hati ya Kipaji

Wananchi wenye taaluma, hususan wauguzi, walimu, wahandisi na watumishi wengine wa Serikali wanaokusudia kwenda kufanya kazi Uingereza, wanakumbushwa kuwa viza ya kazi ya nchi hiyo si ya namna moja. Kwa mtu mwenye ujuzi, mbili ndizo kubwa, na lililo muhimu ni kujua kila moja inamtegemea nani.

Ya kwanza ni viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi, iliyoanzishwa tarehe 1 Desemba 2020. Mwombaji hana budi kwanza apate mwajiri mwenye leseni ya kuajiri wageni, na mwajiri huyo amtolee hati ya udhamini. Ingawa huitwa hati, si karatasi ya kutiwa mfukoni. Ni nambari iliyomo katika kumbukumbu za kompyuta za Serikali ya Uingereza, yenye kueleza kazi na mshahara wa anayedhaminiwa. Kwa masharti yaliyoanza tarehe 22 Julai 2025, aghalabu kazi yenyewe lazima iwe ya kiwango cha shahada, na mshahara usipungue paundi 41,700 kwa mwaka au kiwango cha kawaida cha kazi hiyo, kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Wauguzi na walimu hupimwa kwa viwango vya mishahara vya taifa, ambavyo huwa vya chini zaidi.

Ifahamike kwamba ruhusa hii imefungamana na mwajiri. Mfanyakazi akiacha kazi, au mwajiri akinyang'anywa leseni, ruhusa ya kukaa hukatwa, na kwa kawaida mgeni hupewa siku 60 atafute mwajiri mwingine mwenye leseni au aondoke. Baina ya Julai 2022 na Desemba 2024 Serikali ya Uingereza ilifuta leseni zaidi ya 470 za waajiri wa kazi ya kuwatunza wazee na wagonjwa, na wafanyakazi zaidi ya 39,000 walihusika na waajiri hao. Miongoni mwa wageni wa kazi hiyo walikuwamo waliowalipa mawakala fedha nyingi, wakafika na kukuta kazi haipo. Tangu tarehe 22 Julai 2025 mlango wa kazi hiyo umefungwa kwa waombaji wapya walio nje ya Uingereza. Anayeitangaza sasa mitaani kwa malipo anauza kitu ambacho hakipo.

Kwa hakika hati ya udhamini haiuzwi kabisa. Ada ya leseni na ada ya hati ni dhima ya mwajiri, wala hairuhusiwi kumtwisha mfanyakazi. Orodha ya waajiri wenye leseni imewekwa wazi kwenye intaneti na Serikali ya Uingereza, na kuitazama hakuna malipo. Anayeogopa kutaja jina la mwajiri mpaka alipwe, na aachwe.

Wauguzi wana jambo lao la ziada. Tanzania imo katika orodha ya nchi 55 iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023, za nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Kwa ajili hiyo waajiri na mawakala wa Uingereza hawatakiwi kuja kuwaandikisha wauguzi huku, lakini muuguzi hakukatazwa kuomba mwenyewe moja kwa moja kwa mwajiri. Atatakiwa pia asajiliwe na baraza la wauguzi la huko. Akitumia mtihani wa Kiingereza wa IELTS, alama ni 7, isipokuwa kuandika, ambako 6.5 inatosha.

Viza ya pili ni ya kipaji, iliyofunguliwa Februari 2020. Hii haihitaji mwajiri wala haina kiwango cha mshahara. Mwenyewe huweza kubadili kazi au kujiajiri. Badala ya mwajiri, aghalabu hutakiwa uthibitisho wa chombo cha taaluma: kwa wanasayansi Royal Society, kwa wahandisi Royal Academy of Engineering, kwa wasanii Arts Council England. Msanii hupeleka barua 3 za wanaomjua kwa kazi yake, pamoja na vielelezo visivyozidi 10. Hapa wengi hukwama, si kwa kukosa kipaji bali kwa kukosa kumbukumbu. Mpiga kanuni aliyezunguka nchi tano bila kuhifadhi mkataba wala gazeti hana cha kuonyesha, na kuanza kukusanya wakati wa kuomba ni kuchelewa.

Gharama nazo zihesabiwe mapema. Ada ya huduma ya afya ilipandishwa Februari 2024 kuwa paundi 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, nayo hulipwa yote kwa pamoja. Kwa viza ya miaka mitano ada hiyo ni paundi 5,175, kabla ya nauli. Wenye viza ya watumishi wa afya wamesamehewa.

Mtumishi wa umma apate kwa maandishi jibu la ombi lake la likizo bila malipo, au la kuacha kazi, kabla ya kusafiri. Cheti cha kupimwa kifua kikuu, kinachotakiwa kwa waombaji wa Tanzania watakaokaa zaidi ya miezi 6, hudumu miezi 6 tu. Kisichukuliwe kabla ya hati au uthibitisho kupatikana.