Kabla ya Kumdhamini Mwenzako, Ijue Biashara Yake

SOMO LA VIKUNDI VYA BIASHARA

Masomo ya Biblia: Kumbukumbu la Torati 24:6, 10–13, Matendo ya Mitume 18:1–3
Muda: mkutano mmoja wa kikundi



Makanisa mengi ya mjini na ya sokoni siku hizi yana kikundi cha biashara. Memba huchanga kila wiki, hukopeshana, huelekezana wateja, na mmoja akifiwa wenzake hubeba sufuria wakaenda kupika. Hayo ni mema, na mnayajua. Katika somo hili tunataka kuzungumza juu ya jambo moja ambalo vikundi hulipita mbio, yaani kudhaminiana. Tunalileta kwa sababu sisi wenyewe lilitushinda, na aliyeumia kwa kosa letu ni mama mmoja wa kikundi chetu.

Wazo la watano lilitoka wapi?

Zamani mtu wa jua kali akienda benki kuomba mkopo aliulizwa hati ya shamba. Na yeye mali yake yote ni meza, mwavuli na bidhaa za siku mbili. Kule Bangladesh, Profesa Muhammad Yunus alianza kuwakopesha maskini kwa njia ya vikundi vidogo, na mwaka 1983 mpango wake ukawa Benki ya Grameen. Hapa Kenya shirika la K-REP, lililoanza mwaka 1984, likaifuata njia hiyo. Mwaka 1989 likafungua mpango wa Juhudi huko Kibera, Nairobi.

Wafanyabiashara wadogo walijipanga watanowatano, na kikundi hicho kidogo kikaitwa hivyo hivyo, “watano”. Vikundi sita vikiungana vilifanya KIWA, ufupi wa Kikundi cha Wanabiashara. Walikutana, wakaweka akiba, na kila mmoja akawa mdhamini wa wenzake. Mwaka 1999 K-REP ikawa benki kamili, na tangu mwaka 2016 benki hiyo inaitwa Sidian. Lakini wazo la kudhaminiana kwa vikundi limeenea nchini, hata kwa watu ambao hawajapata kusikia jina la K-REP.

Angalieni wazo lenyewe. Hati ya shamba imeondolewa, na mahali pake umewekwa ujirani. Mkopeshaji hanijui, lakini majirani zangu wanne wananijua, naye anawategemea hao. Basi dhamana yote inasimama juu ya kujuana. Wale wanne wasipoijua biashara yangu, wanatia sahihi gizani.

Yaliyotupata

Kikundi chetu kilikuwa na watu 20, yaani vikundi vinne vya watu watano. Katika kimoja walikuwemo fundi cherehani, mama mboga, muuza makaa, mwenye hoteli ya chai na chapati, na mama mmoja mjane aliyeuza vyombo: beseni, sufuria, majiko na masanduku ya bati ya watoto wa shule. Mama huyu alinunua mali yake Kamukunji, Nairobi, kwa mafundi wa jua kali. Mezani pake hapakosi watu, naye alikuwa mwimbaji wa kwaya.

Siku moja aliomba mkopo wa shilingi 20,000 kwa shirika lililokuwa likitukopesha. Tuliwauliza wenzake, “Mnamjua?” Wakacheka. “Tutakosa kumjua mama wa kwaya?” Dakika tano hazikuisha, sahihi zote zikawa zimetiwa. Sisi viongozi tukapiga makofi.

Kufikia wiki ya 11 akaanza kuleta pesa pungufu. Wenzake wakamjazia. Wiki ya 14 hakuja. Ofisa wa mikopo akasema hakuna memba mwingine atakayepata mkopo mpaka deni hilo lilipwe. Tulikaa ukumbini kutoka saa nane mchana hadi saa kumi na mbili, watoto wanangoja nyumbani, mama mboga hajafunga kibanda. Hasira ikapanda. Mwishowe watu sita wakaondoka kwenda nyumbani kwake. Walirudi na jiko la gesi, redio, na gunia la sufuria alizokuwa akiuza.

Sisi viongozi tulikuwepo. Hatukusema neno.

Zile sufuria ziliuzwa bei ya kutupa, na deni halikwisha. Kumbe tulikuwa tumemnyang'anya hata njia ya kulilipa! Yule mama akaacha kuja kikundini. Baada ya majuma machache akaacha kuja kanisani pia.

Neno linasemaje?

Fungueni Kumbukumbu la Torati sura ya 24. Mstari wa 6 wakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa kufanya hivyo ni kuchukua uhai wa mtu. Jiwe la kusagia lilikuwa chombo cha kila siku cha kupatia chakula. Kwa mama wetu, gunia la sufuria lilikuwa jiwe lake la kusagia. Mstari wa 10 na 11 wamwambia mwenye kudai asiingie nyumbani mwa mdaiwa kuchukua rehani. Asimame nje, mdaiwa amletee mwenyewe. Torati haikusema deni lisilipwe. Ilisema deni lidaiwe bila kumvua mtu heshima mbele ya watoto wake. Sisi tuliingia ndani.

Hesabu ambayo hatukuiuliza

Baada ya mwezi, akina mama wawili walimtembelea. Hawakwenda kudai. Walikunywa chai, na yule mama akatoa daftari la shule alimoandika mambo yake. Wiki ya kawaida ilikuwa hivi (tumezifanya tarakimu ziwe nyepesi kusoma):

Mauzo ya wiki: sh. 6,000
Kununua mali: sh. 4,200
Nauli ya Nairobi kwenda na kurudi: sh. 600
Kusafirisha mzigo: sh. 300
Ada ya soko, siku 5 kwa sh. 50: sh. 250
Mkokoteni: sh. 100
Kilichobaki: sh. 550

Sasa tazameni mkopo. Shilingi 20,000 na riba ya 3,000 ni 23,000. Kwa wiki 46, alitakiwa kuleta sh. 500 kila wiki, na akiba sh. 100. Jumla sh. 600. Yaani hata kama watoto wasingekula kitu, zilikosekana sh. 50 kila wiki! Tena katika zile 20,000, sh. 12,000 zilikwenda kwa karo ya kidato cha kwanza, kwa hiyo mali mezani haikuongezeka sana. Pengo alilijaza kwa mkopo wa simu, na mkopo huo akaulipa kwa mkopo mwingine wa simu. Wale watu waliojaa mezani pake, wengi walikuwa wanauliza bei tu.

Hayo yote yalikuwa ndani ya daftari. Hakuna aliyemwambia alilete.

Lakini kuna jambo lililotuchoma zaidi. Katika kikundi chetu walikuwemo wengine wawili waliokwenda Kamukunji kila wiki, mmoja kununua majiko na mwingine vifaa vya shamba. Kila mtu na nauli yake. Kama wangekwenda kwa zamu, mmoja akiwanunulia wote watatu, nauli ya kila mmoja ingekuwa sh. 200 badala ya 600. Mama angebaki na sh. 950. Na kama tungemshauri akope 10,000 tu, marejesho yangekuwa sh. 250 na akiba 100, jumla 350. Angebaki na sh. 600 za nyumbani. Si pesa nyingi, lakini mtu hulala.

Na yule mwenye hoteli? Miezi hiyo hiyo alinunua sufuria mbili kubwa na vikombe katika duka la mjini. Alikuwa ametia sahihi ya kumdhamini mwenzake, lakini kununua kwake hakukumjia akilini.

Tunayoyafanya sasa

1. Tunatembeleana kibandani. Kabla ya sahihi, wale wanne humtembelea mwombaji mara mbili: siku ya soko na siku ya kawaida. Wanakaa, wanaona nani anauliza bei na nani anatoa pesa. Siku ya soko peke yake hudanganya.

2. Daftari huja mezani. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hatudai hesabu za kisomi. Twataka mambo matatu yaandikwe kila jioni: nimeuza ngapi, nimetumia ngapi, nimetoa ngapi za nyumbani. Asiyejua kuandika husaidiwa na mtoto wake. Mkopo hupimwa kwa kile kinachobaki. Marejesho na akiba visizidi nusu ya baki hilo, maana nyumba nayo inakula.

3. Tunaulizana kuhusu deni lingine. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 ilitusaidia kutuma pesa bila kusafiri. M-Shwari ilipokuja mwaka 2012, mtu akaweza kukopa kwa simu akiwa kitandani, na baadaye mikopo mingine ya namna hiyo ikafuata. Haya ni madeni ambayo jirani hawezi kuyaona. Basi twaulizana bila aibu: unadaiwa wapi kwingine? Aliye na karo ya kulipa aseme ni karo, tumtafutie njia ya karo, asiifiche ndani ya mkopo wa biashara.

4. Tuna soko la ndani. Mwanzo wa kila mkutano kila memba husema kwa dakika moja: nauza nini, natafuta nini, wiki hii naenda wapi. Hapo ndipo watu hugundua kwamba wawili wanapanda gari moja kununua kitu kimoja. Paulo alipofika Korintho alikaa kwa Akila na Prisila kwa sababu kazi yao ilikuwa moja, ya kushona mahema, wakafanya kazi pamoja. Wenye kazi moja si lazima wawe maadui. Lakini tumeweka mipaka: hakuna anayelazimishwa kununua kwa mwenzake, na memba hakopi bidhaa kwa memba. Ukipenda mandazi ya mwenzako, toa pesa. Deni la chai limevunja vikundi vingi kuliko mnavyodhani.

5. Tumeandika kisichoguswa. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ilitungwa mwaka 2022, na kikundi kikisajiliwa huwa na katiba yake. Katika katiba yetu tumeandika kwamba chombo cha kazi cha memba hakichukuliwi, wala bidhaa anazouza, wala hakuna kuingia nyumbani mwake kudai. Akishindwa, wenzake wanne hukaa naye na daftari, na mpango mpya hupelekwa kwa mkopeshaji kabla ya wiki ya tatu. Tunachanga pia sh. 20 kila mkutano kwa mfuko wa dharura.

Wengine watasema, “Nikifungua daftari langu, kesho litakuwa habari ya soko zima.” Hofu hiyo ni ya haki, kwa maana tumeona hivyo. Kwa hiyo daftari huonwa na watano tu, si na kikundi chote. Atakayelitangaza hudaiwa faini, na akirudia hutolewa. Kama huwezi kuwaamini watu wanne kwa hesabu zako, basi si hao wa kukudhamini, wala wewe usiwadhamini.

Mwisho wa habari

Mtauliza yule mama yu wapi. Tulimrudishia jiko la gesi na redio, tukamlipa thamani ya sufuria kutoka mifukoni mwetu sisi viongozi, na tukaomba msamaha, kwanza nyumbani kwake, kisha mbele ya kikundi. Mkopeshaji alikubali apunguziwe marejesho, akalipa kidogo kidogo hadi akamaliza. Alitusamehe, alisema hivyo kwa kinywa chake. Lakini kikundini hakurudi, na siku hizi anaabudu kanisa lingine. Tunapohitaji beseni tunakwenda kwake. Yeye hutupimia bei ya kila mtu, na ni haki yake.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, unaweza kusema mwenzako wa watano alibaki na pesa ngapi wiki iliyopita? Kama huwezi, ulitia sahihi juu ya nini?

2. Ni memba wangapi katika kikundi chenu wananunua mali mahali pamoja? Andikeni majina, kisha mhesabu nauli mnayolipa kwa mwezi mzima.

3. Someni tena Kumbukumbu la Torati 24:6. “Jiwe la kusagia” la kila mmoja wenu ni lipi? Liandikwe katika katiba yenu.

4. Je, kuna memba aliyeacha kuja kwa sababu ya deni? Nani atamtembelea juma hili, bila kwenda kudai?

Kazi ya nyumbani: kila mmoja aandike mauzo na matumizi kwa siku saba, aje na daftari lake mkutano ujao. Mwenyekiti na mwekahazina waanze wao, wengine wafuate.

Mungu awabariki katika kazi za mikono yenu.